Kabla Biti Haijagusa Bloku

(Maneno niliyoyasema kwenye kikao cha mafundi wa gereji na wa injini za maboti, Mwanga, Kigoma. Vijana waliniomba niyaweke kwa maandishi. Utani uliozidi nimeuondoa, uliobaki mnisamehe.)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Mliotoka Kasulu na Uvinza, poleni na safari. Nanyi wa Kibirizi mliokuja na harufu ya dagaa, karibuni, leo hakuna wa kuwacheka.

Nimeambiwa nizungumzie stadi za silinda hedi, yaani zile nondo zenye hesi (mikato ya kuzunguka) ncha zote mbili, zinazoibana hedi, kifuniko cha injini, juu ya bloku. Siku hizi mwenye lori au boti akiunguza gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku, mara mbili, ya tatu anakuja na dawa yake mkononi: "Fundi, hizi bolti za 12 ni ndogo, nichimbie za 14." Analisema kama mtu anayeomba kubadilishiwa tairi. Na sisi, kwa sababu ada ya shule imekaribia, tunaitikia "hewala bosi" na kuchomeka keekee kwenye umeme.

Ile bloku iliyofunikwa gunia pale mezani nitaifunua baadaye. Mwacheni huyo kijana aliyeanza kuchungulia, atashiba.

Tuanze na hesabu, maana wapo wanaodhani kutoka 12 kwenda 14 ni suala la milimita mbili tu. Nguvu ya bolti inatokana na eneo la chuma linalobaki ndani ya hesi. M12, yaani bolti ya kipenyo cha milimita 12, ya hesi za 1.75 ina eneo la milimita za mraba 84.3. M14 ya hesi za 2 ina 115. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 36. Kwa feleji ya daraja la 10.9, M12 unaweza kuivuta hadi tani 7 hivi, ukiiachia ikarudi urefu wake wa mwanzo. M14 inavumilia tani 9 na nusu na zaidi kidogo.

Sasa weka upande wa pili wa mizani. Chukua Cummins 6BT, injini ambayo wengi wenu mmeifungua. Pistoni yake ni milimita 102. Mlipuko ukifika mgandamizo wa bari 120, hedi inasukumwa juu kwa tani 10 hivi, na hiyo ni silinda moja tu. Mwenye injini akifunga tabo kubwa, ile ya kusukuma hewa ndani ya injini, na kuifungulia pampu ya dizeli mpaka moshi uwe mweusi kama chungu, ukafika bari 160, hizo ni tani 13 na ushei. Bolti zinafanya kazi ya springi: umezivuta, nazo zinaibana hedi isipumue. Mlipuko ukikaribia nguvu ya kubana, gasketi inaanza kuchezacheza, moto unapata upenyo, maji ya rejeta yanatoa mapovu. Mtu wa namna hiyo, mwenye injini iliyoongezwa nguvu kupita ilivyozaliwa, stadi za 14 zinamfaa kweli. Sikatai.

Ila niwaambie ukweli wa karakana yangu. Katika hedi zinazofika kwangu, zilizonyanyuliwa na nguvu ya mlipuko ni chache. Nyingi zimechemka tu. Rejeta imeziba, mkanda umelegea, themostati imetolewa na mtu aliyedhani anasaidia, au kwenye maboti, raba ya pampu ya maji ya ziwa imekatika mapanga kwa sababu ya mchanga wa pwani. Hedi ikichemka inapinda. Hedi iliyopinda ukiifunga kwa stadi za 14 utakuwa umeibana kwa nguvu zaidi hali imepinda.

Kwa hiyo mteja akikuletea habari ya 14, kwanza mwombe bolti alizozitoa. Zipange juu ya meza. Bolti za 6BT ziko 26, za urefu wa aina tatu, na zina kikomo cha urefu. Iliyozidi kikomo imevutika, haifai tena, itupwe. Tazama hesi: zikiwa zimelika na kung'aa upande mmoja, huenda zimefungwa zikiwa kavu. Kisha weka rula ya chuma juu ya hedi, pitisha filageji, vile vibati vya kupimia mwanya. Kisha uso wa bloku vilevile. Mara nyingi kabla hujamaliza kunywa chai umeshajua kilichoua gasketi, na kwamba bolti hazikuhusika.

Na kama ni tundu moja tu lililokufa hesi, usichimbe yote 26. Weka helikoili, ile springi ya waya inayokuwa hesi mpya, au mwombe mkerezaji akutengenezee bushi ya feleji yenye hesi nje na ndani, uifunge humo, maisha yaendelee. Halafu kuna wale wanaochimba tundu moja la 14 katikati ya matundu ya 12. Jamani! Hedi inataka kubanwa sawasawa. Ukiweka mbabe mmoja kati ya wanyonge, gasketi inakandamizwa pale alipo yeye na kulegea kwa jirani zake.

Haya. Tuseme umepima, umeuliza, umeridhika: hii injini inahitaji 14. Sasa tuingie kazini.

Kwanza jueni mnachokichimba. Bloku ni chuma cha kusubu, kasti. Kasti haivutiki, inapasuka. Ndiyo maana ndani ya bloku tunataka hesi nene, za milimita 2, na hesi nyembamba tunaziacha kwa upande wa juu wa stadi unaoshika nati, kwa kuwa huko ni feleji kwa feleji. Na ndiyo faida ya stadi kuliko bolti hata kama ukubwa ni uleule: bolti kila ukiikaza inasugua hesi za kasti, stadi ikishakaa imekaa, inayozunguka ni nati.

Tundu la tepu, chombo cha kukatia hesi, ni kipenyo ukitoa hatua ya hesi, yaani umbali wa jino hadi jino. 14 ukitoa 2 unapata 12. Na angalieni bahati iliyopo hapo: biti ya 12 inafuta hesi zote za zamani za M12, bila kuacha mabaki ya kuisumbua tepu na bila kula chuma cha ziada. Mtu anayechimba 12.5 "ili tepu iteleze" anajirahisishia dakika kumi na kumwibia mteja urefu wa meno ya hesi. Hiyo 12.5 ni ya hesi za 1.5.

Kabla ya kuchimba, ng'oa zile plagi za maji za ubavuni mwa bloku. Chukua waya, ukunje, uingize, upapase nyuma ya kila tundu. Unatafuta ukuta. Kati ya tundu la stadi na njia ya maji kuna ukuta wa kasti, na hakuna anayejua unene wake mpaka apapase. Kuna injini ambazo baadhi ya matundu yametobokea kwenye maji tangu kiwandani. Hayo yana utaratibu wake, stadi inapakwa dawa ya kuziba. Lakini tundu lililokuwa kavu lisiloweshwe na wewe. Pima kina chake, funga kola kwenye biti, na usishuke hata milimita moja zaidi ya alivyoshuka aliyeitengeneza.

Sasa hapa ndipo penye kazi yenyewe, na naomba hata walioko nyuma wasikilize: unyoofu. Hedi ya lori ina unene. Tuseme milimita 100 kutoka uso wa bloku hadi nati inapokaa. Tundu likiegemea digrii moja, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona, ncha ya stadi kule juu imehama milimita 1.75. Digrii mbili, milimita 3 na nusu. Hedi haitashuka. Na ukiilazimisha ishuke, nati itakaa upande mmoja, stadi itakuwa inakunjwa huku inavutwa.

Ndiyo maana nasema keekee ya mkono hapa hapana. Kama ipo mashine ya kusimama yenye meza, bloku ikavuliwa kila kitu na kufungwa juu yake, hakuna mjadala. Kama hakuna, tengeneza bamba la feleji la milimita 25 au 30, litobolewe kwenye mashine kwa vipimo vya bloku ileile, likae kwenye pini za mwongozo, na kila tundu lipigwe bushi ngumu ya kuongozea biti. Keekee ya sumaku inashika vizuri juu ya kasti, nayo inafaa, ila kila ukiihamisha upime upya kwa skwea, pande mbili. Pande mbili, siyo moja. Skwea ya upande mmoja inakuambia haijalala kushoto. Kwamba imelala mbele haikuambii.

Na biti yenyewe. Ile ya kawaida ya midomo miwili inapoingia kwenye tundu lenye hesi, hesi zinaivuta. Mmeona inavyoruka? Inajisokota kama bolti, na tundu linatoka la pembe tatu badala ya duara. Ukipata biti ya kupanulia yenye midomo mitatu au minne, ndiyo. Ukikosa, punguza mwendo; kwa 12 kwenye kasti mizunguko 500 kwa dakika inatosha, na mkono wako uizuie isijivute.

Kabla ya tepu, uso wa tundu ukatwe kidogo kwa juu, upana wa 14 na nukta, kina cha milimita moja au zaidi kidogo, ili hesi ya kwanza isianzie usoni. Usipofanya hivyo, siku ukikaza stadi inainua mdomo wa tundu, uso wa bloku unavimba kama chunusi, na gasketi inakaa juu ya chunusi.

Tepu ni tatu, zote tatu zitumike, kuanzia ya mshazari hadi ya mwisho. Iongozwe na bamba lilelile. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Kasti ina grafiti, ile nyeusi ya kwenye penseli, ndani yake, inajilainisha yenyewe, haihitaji oili nyingi. Oili na vumbi la kasti vikichanganyika ni msasa wa maji. Vumbi lile ni adui. Kama kwa sababu yoyote pistoni zimo ndani, silinda zote na njia zote za oili zizibwe kwa matambara yenye girisi, na mfyonzo uwe jirani. Mimi siku hizi nakataa. Bloku ije tupu, iondoke imeoshwa kwa maji ya moto na sabuni, na brashi imepita kwenye kila njia ya oili.

Hedi nayo inapanuliwa matundu, na gasketi pia, bila kugusa ringi ya moto, ile inayozunguka mdomo wa silinda. Hayo ni mepesi ukilinganisha, sitakawia hapo. Zito ni hili ambalo wengi hawalijui: stadi kubwa inavuta kasti kwa nguvu zaidi, na silinda iliyo jirani inapoteza duara lake. Kwenye injini kama 6BT, ambayo silinda zake zimetobolewa kwenye bloku yenyewe, fundi wa kuhoni, anayesugua silinda kwa mawe, anatakiwa afunge bamba nene juu ya bloku kwa stadi zilezile, torki (nguvu ya kukaza) ileile, ndipo apitishe mawe. La sivyo mteja atarudi baada ya mwezi, gasketi nzima, lakini injini inakunywa oili na kutoa moshi wa bluu. Atasema ulimharibia, na atakuwa na haki.

Kufunga. Tundu lisilotobokea likiwa na oili au maji chini yake, halafu ukazungusha stadi, maji hayabonyei. Stadi inakuwa jeki. Nimeona bloku nzima imepasuka ubavu kwa kijiko kimoja cha maji. Puliza kila tundu, ingiza kitambaa kwenye waya, kitoke kikavu. Stadi ishuke kwa vidole mpaka ikae, isikazwe kwa spana. Weka washa ngumu, nati, na mafuta kwenye hesi za nati na chini ya nati.

Mafuta haya msiyadharau. Kwenye torki unayoipiga, kama sehemu tisa kati ya kumi zinaliwa na msuguano. Inayovuta stadi ni moja. Kwa M14 ya 10.9 yenye oili, niutoni mita 150 hivi inakupa robo tatu ya uwezo wake, pazuri kabisa. Ikiwa kavu utahitaji kama 200 kufika hapohapo. Sasa chukua ile 200 ya kavu uipige kwenye stadi yenye oili: umefika kwenye kikomo chake, stadi haina akiba tena. Kwa hiyo fuata karatasi ya aliyetengeneza stadi, na usome wanasema ipakwe nini.

Na kwa kuwa tuko Kigoma, niwakumbushe meli ya Liemba. Wajerumani walipoizamisha Julai 1916, mafundi waliipaka injini yake girisi kwanza. Ikakaa chini ya maji, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kufanya kazi. Girisi ya watu waliokuwa wanaikimbia vita! Wewe una wiki nzima na kopo la oili pembeni, unafunga kavu.

(Hapo walicheka, tukanywa maji.)

Haya, kijana, funua gunia.

Hii bloku niliiharibu mimi. Siyo mwanafunzi wangu, siyo jirani. Ilikuwa ya boti linalovuta mitumbwi ya dagaa, mali ya mama mmoja wa hapa. Hedi ilikuwa imeunguza gasketi, na matundu manne yalikuwa yamekufa hesi kwa sababu fundi aliyetangulia alikaza kwa spana na bomba la kuongezea. Wavuvi mnajua mambo ya mwezi: kukiwa na mbalamwezi taa hazivuti dagaa, watu wanapumzika na kushona nyavu, na mafundi ndipo tunapofanyiwa haraka. Mama alikuja zikiwa zimebaki siku nne giza lirudi. Nikamwambia mama, siku mbili zinatosha, nakuchimbia za 14 hizo nne, hutanisikia tena.

Nilichimba kwa keekee ya mkono, nimepiga magoti, kijana ananishikia taa na kuniambia "sawa, mzee, imenyooka". Tundu la kwanza, la pili, salama. La tatu niliona biti inajivuta, nikaizuia, nikaendelea. La nne biti ilizama ghafla kama kisu kwenye papai bivu, na ilipotoka ncha yake ilikuwa imelowa maji ya kahawia. Mnajua moyo unavyoshuka? Nilikaa chini palepale, keekee bado inazunguka mkononi.

Badala ya kusimama, niliendelea. Nikaziba la nne kwa dawa. Stadi ya la tatu ikakataa kupita kwenye hedi, nikachukua tupa ya mviringo nikalipanua tundu la hedi likawa kama yai. Nati ikakaa upande mmoja, nikaongeza washa. Injini ikawaka, mama akalipa, boti likaondoka.

Stadi ya tatu ilikatika usiku, boti likiwa mbali na pwani. Mnajua ziwa letu, mahali penye kina kirefu ni mita 1,470, huwezi kusema utatia nanga usubiri kupambazuke. Upepo uliwasukuma mpaka alfajiri, wenzao wakawavuta. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Yule mama alikuja karakana asubuhi, hakupiga kelele. Aliinama akaitazama bloku, akaweka kidole kwenye tundu la tatu, akaniuliza: "Mwanangu, hili ulilipima, au ulilitazama?"

Na nilipoifungua pampu ya maji ya ziwa, kitu nilichopaswa kukifungua siku ya kwanza, raba yake ilikuwa imebaki na mapanga mawili. Gasketi ya mwanzo iliunguzwa na hiyo. Raba ya pampu. Bloku nyingine niliilipa mimi, kwa awamu, ilikuja kwa treni.

Swali moja nimelisikia pale: "Mkuu, kwani nisiongeze torki kwenye bolti zilezile za 12?" Hapana, bwana mdogo. Bolti ikipita kikomo inavutika kama ubani wa kutafuna, na kadiri unavyokaza inarefuka tu, nguvu ya kubana haiongezeki kama unavyodhani, na mwishowe inakatika. Unachoweza kufanya ni kununua stadi za 12 za feleji bora kuliko 10.9. Zinabana zaidi na bloku haichimbwi. Wengi wenu jibu lenu ni hilo, kabla ya 14.

Mwingine anauliza boti lenye kifuniko cha chini, hedi itatokaje ikiwa stadi zimesimama. Swali zuri. Hedi lazima inyanyuliwe wima mpaka ipite ncha za stadi zote, kwa hiyo pima nafasi ya juu kabla ya kununua chochote. Kuna boti nililazimika kukata mbao za sitaha.

Basi. Stadi ziko kwenye lile kopo, skwea iko juu ya bloku. Njooni watatu watatu, msisukumane. Funga moja kwenye tundu la kwanza kwa vidole, weka skwea pande zote mbili. Kisha funga nyingine kwenye la tatu, uangalie mwanga unapopita. Na anayetaka kupapasa la nne aingize waya taratibu, kingo zake bado zinakata.